Vyama vya Ngoma vya Tabora na Njia ya Misafara

Mji wa Tabora, uliokua katika nchi ya Unyanyembe kuanzia miaka ya 1850, umeandikwa mno vitabuni kama soko la pembe za ndovu na watumwa, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na mahali walipopumzika wasafiri wa Kizungu waliokuwa wakiyatafuta maziwa makuu. Historia hiyo ni ya kweli, lakini imewaacha nyuma watu waliokuwa wengi kuliko wote njiani, yaani wapagazi wa Kinyamwezi na jamaa zao, ambao pamoja na mizigo walichukua ngoma zao kutoka kituo hadi kituo, wakajifunza za wenzao, na kurudi nazo kwao. Ngoma katika maelezo haya si chombo kinachopigwa peke yake, bali ni uchezaji, nyimbo, mavazi, dawa, na zaidi ya yote ni chama cha watu wanaoiendesha, chenye mkuu wake, ada zake, ngazi za vyeo na utaratibu wa kumfundisha anayeingia. Mitindo ya kucheza ilikuja na kuondoka, lakini chama cha ngoma, tena chama chenye mshindani wake, kilidumu Unyamwezi kwa zaidi ya miaka 100 katika sura mbalimbali.

Kabla ya biashara ya masafa marefu kupamba moto, Unyamwezi haukuwa dola moja. Ulikuwa mkusanyiko wa nchi nyingi ndogo, Unyanyembe ikiwa mojawapo, kila moja na mtemi wake, yaani mtawala wa jadi ambaye pamoja na hukumu alishika dhamana ya mvua na rutuba ya ardhi. Ngoma za ikulu zilihesabiwa miongoni mwa alama za utemi, pamoja na ngozi ya simba na kibangwa, kipande cha duara kilichochongwa kutokana na kombe kubwa la bahari ya Hindi, jambo linaloonyesha kwamba hata mapambo ya utawala wa bara yalikuwa yamekwisha kufungamana na pwani. Lakini uhai wa ngoma haukukaa ikulu peke yake. Vijijini palikuwa na vyama ambavyo mtemi hakuvianzisha wala hakuviongoza, na ambavyo watu waliviingia kwa hiari yao, kwa ugonjwa uliowapata, au kwa ujuzi walioutamani.

Mashuhuri kuliko vyote kilikuwa chama cha Bayeye, wacheza nyoka, kilichoenea Unyamwezi na Usukuma. Mtu aliyetaka kuingia alitafuta mwanachama wa kumdhamini, akatoa ada, kisha akaandamana na walimu wake porini, ambako alifundishwa kuwatambua nyoka mmoja mmoja, kuwakamata bila kuwaumiza wala kuumwa, kuchimba mizizi ya dawa ya sumu na kuichanganya, na kuziimba nyimbo za chama ambazo ndani yake majina ya dawa na masharti ya matumizi yalihifadhiwa. Alichanjwa dawa mwilini, na mafunzo yalipokamilika alicheza mbele ya watu akiwa na nyoka mikononi, naye fundi wake akimtazama. Uchezaji huo wa hadharani, ambao mgeni angeuona kuwa burudani ya kutisha, kwa hakika ulikuwa mtihani wa mwisho wa elimu ya tiba. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mtaalamu wa elimu ya jamii, alichapisha utafiti juu ya chama hicho mwaka 1946, na mwaka 1955 akachapisha mwingine juu ya Buswezi, chama cha ngoma ya pepo ambacho imani zake zinahusiana na zile za nchi za maziwa makuu, ambako jina la Lyangombe lilitajwa kama mkuu wa pepo hao. Katika Buswezi pia mtu hakuwa mchezaji kwa kupenda tu. Alipitia unyago wa chama, akapewa jina jipya, na kupanda ngazi kwa miaka.

Upande wa kaskazini, katika Usukuma ambao lugha na desturi zake ni jirani mno na za Unyamwezi, sifa nyingine ya vyama hivi ilijitokeza wazi zaidi, nayo ni ushindani wa pande mbili. Wachezaji wa Usukuma walijigawa katika makundi makubwa mawili, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake hupelekwa kwa waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande hizo zilikutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, nyimbo zake mpya, vituko vyake na dawa yake ya mvuto, na hapakuwa na hakimu aliyekaa mezani na kalamu. Watazamaji wenyewe walihukumu kwa miguu yao, kwa kuhamia upande uliowavutia, hata jioni mshindi alijulikana kwa ukubwa wa umati uliomzunguka. Utaratibu huo ulimlazimisha kila kiongozi wa ngoma kutunga jambo jipya kila mwaka, kwa kuwa aliyerudia ya mwaka jana aliachwa akicheza peke yake.

Vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyoingia katika njia kuu ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa kilomita 800 hivi, uliopita Usagara, nyanda kavu za Ugogo na pori la Mgunda Mkali, na msafara wenye mizigo uliutembea kwa miezi mitatu au zaidi; kutoka Tabora kwenda Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, zilibaki kilomita nyingine 400. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi walioajiriwa kwa ujira wa nguo na shanga, ambao walitoka nyumbani wakati wa kiangazi na kutaka kurudi kwa kilimo mvua zilipokaribia. Kiangazi ndicho pia kilichokuwa msimu wa ngoma vijijini, na kwa hiyo vijana waliokosa uwanja wa nyumbani waliufungua uwanja wao kambini.

Mwenendo wa msafara wenyewe ulikuwa na mengi ya ngoma ndani yake. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia aliyechaguliwa na wapagazi kwa uzoefu wake, akiwa amevaa nguo nyekundu na ngozi ya mbega yenye manyoya meupe na meusi, na nyuma yake akafuata mpiga ngoma aliyeashiria kuondoka, kusimama na kuingia kituoni. Wapagazi walifunga njuga miguuni, yaani kengele ndogo za chuma, na mlio wake uliwapa mwendo wa pamoja chini ya mizigo. Msafara ulipokaribia mji, ulijipanga upya, watu wakavaa nguo zao nzuri, nyimbo zikapazwa, na wanawake wakatoka kuupokea kwa vigelegele. Aliyebeba pembe ya ndovu kubwa kuliko za wenzake aliingia mjini kama mshindi wa ngoma, akijua kwamba anatazamwa.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, sehemu ya Unyanyembe ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Burton, ambaye mara nyingi aliwaandika Waafrika kwa dharau na hivyo lazima asomwe kwa uangalifu, alilalamika juu ya kituo cha Msene, magharibi ya Tabora, kwamba ngoma hazinyamazi na watu wanacheza bila kuchoka. Lalamiko hilo ni ushahidi mzuri kuliko alivyokusudia. Msene palikuwa mahali pa kukutana wafanyabiashara wa pwani, Wasumbwa, Wanyamwezi na wasafiri kutoka nchi za ziwani, na ngoma iliyolia usiku kucha ilikuwa njia yao ya kufahamiana, kupatana na kupimana nguvu pasipo kumwaga damu. Katika mazingira hayo hayo utani, yaani uhusiano wa mizaha na kusaidiana baina ya makabila, ulikomaa kati ya Wanyamwezi na wenyeji wa njia, hata mpagazi aliyefia ugenini akapata watani wa kumzika.

Mkondo wa njia ulikwenda pande zote mbili. Bagamoyo, wapagazi waliokaa wiki nyingi wakisubiri mizigo waliziona ngoma za Waswahili na kuzipeleka bara, na wakati huohuo watu wa asili ya mashariki ya Kongo, waliokuja kujulikana kwa jina la Wamanyema, walikaa Ujiji na Tabora, wengi wao wakiwa wameletwa utumwani, na kwa vizazi viwili au vitatu wakawa sehemu ya Waswahili wa bara. Tarika ya Qadiriyya, yaani njia ya ibada ya Kiislamu yenye dhikiri ya pamoja, ilienea Tabora na Ujiji kwa mtindo ambao wenyeji waliuelewa mara moja: kulikuwa na khalifa, kulikuwa na murid anayefundishwa, kulikuwa na ngazi, na mwili ulishiriki katika kumkumbuka Mungu. Wanavyuoni walibishana kama ni halali kuiweka dhikiri karibu na ngoma. Watu wa kawaida walizihudhuria zote mbili, kila moja kwa adabu yake.

Nusu ya pili ya karne ya 19 haikuwa ya raha. Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871, wasafiri Stanley na Livingstone walikaa pamoja katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, mapema mwaka 1872, na mwezi Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na majeshi ya Wajerumani, alijilipua ndani ya ngome yake ili asitekwe akiwa hai. Utawala wa Kijerumani ulijenga boma na kuanza kuyahesabu na kuyatoza kodi maisha ya watu, na mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, kisha Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi iliyowafanya Wanyamwezi kuwa watu wa dunia nzima ya Afrika Mashariki ilikatika karibu ghafla. Ingetazamiwa kwamba vyama vya ngoma vya njiani vingekufa pamoja nayo. Kilichotokea ni kinyume, kwa kuwa reli ilifuata mkondo uleule wa misafara na kuwachukua wachezaji kwa siku chache walikokuwa wakitembea kwa miezi.

Ngoma iliyosafiri kwa reli na kwa vita ilikuwa beni. Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ambako vijana wa mitaa shindani ya Lamu na Mombasa waliigiza bendi na gwaride za majeshi ya Kizungu, na Vita Kuu ya Kwanza ikaieneza bara, kwa kuwa askari na mamia ya maelfu ya wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu walikutana katika kambi moja. Tabora ilikuwa katikati ya mambo hayo. Mwaka 1916 mji huo ulikuwa kwa muda makao ya serikali ya Kijerumani, na tarehe 19 Septemba mwaka huo ulitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, kabla ya kuwekwa chini ya Waingereza. Mji ulijaa askari wa zamani wa pande zote, makarani, watumishi, mateka na wapagazi, na pande mbili kubwa za beni, Marini na Arinoti, ziliwapa wote mahali pa kujipanga.

Chama cha beni kilikuwa na Kingi, majenerali, makanali, madaktari na makarani, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Siku ya kucheza wanachama walijipanga mistari, wakiwa wamevalia nguo nyeupe zilizopigwa pasi, fimbo mabegani mahali pa bunduki, ngoma kubwa na filimbi zikiwapa mwendo, na nyimbo za Kiswahili zikiwasifu wenzao na kuwachoma wapinzani. Marini ilipendwa zaidi na watu wenye nafasi, na Arinoti na watu wa kawaida, ingawa mpaka huo ulibadilika kutoka mji hadi mji. Upande mmoja ulipofanya karamu, mwingine ulitafuta kufanya kubwa kuliko hiyo, hata watu wakaingia madeni. Hata hivyo, wanahistoria waliotazama beni kama uigaji wa Wazungu hawakuona kiini chake. Mwanachama wa Tabora aliyesafiri kwenda Dar es Salaam au Ujiji alipokewa na wanachama wenzake, akalishwa na kutafutiwa kazi. Akiugua aliuguzwa, akifa alizikwa kwa heshima ya cheo chake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alionyesha jinsi maofisa wa Kiingereza walivyoushuku mtandao huo baada ya vita, wakidhani una siasa ya siri, kumbe uwezo wake ulikuwa katika kuwaunganisha watu wa makabila mengi kwa Kiswahili na kuwazoesha kujitawala katika mambo yao.

Katika miaka ya 1930 beni ilianza kupungua nguvu mjini, na nafasi yake ikachukuliwa pole kwa pole na dansi, yaani uchezaji wa ukumbini unaofuata gitaa, saksafoni na tarumbeta. Tabora ilikuwa njia panda ya reli, kwa kuwa tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na sahani za santuri kutoka Kongo na nyimbo za Kikuba zilifika mapema. Miaka ya 1950 Salum Zahoro, aliyejulikana kwa kupiga mandolini, aliongoza Kiko Kids Jazz, na mwishoni mwa muongo huo ikaanzishwa Tabora Jazz, kisha Nyanyembe Jazz. Watu wa magharibi waliohamia Dar es Salaam walikuwa na bendi yao, Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kujulikana kwa mtindo wa saboso, huku Tabora Jazz ikijulikana kwa segere matata. Shem Karenga, mtunzi wa wimbo unaokumbukwa wa Dada Asha, alijiunga na Tabora Jazz akitokea upande wa Kigoma, njia ileile waliyopita wapagazi, na akaendelea na muziki hadi alipofariki mwaka 2014.

Ukizitazama bendi hizo kwa karibu, utaratibu wa zamani unaonekana wazi. Kila mtindo ulikuwa na jina ili utofautishwe na wa mshindani, mashabiki walijigawa pande mbili kama walivyojigawa babu zao kwa Marini na Arinoti, na kijana aliyetaka kujifunza gitaa alikaa karibu na bendi, akabeba vyombo, akapewa nafasi ya kupiga mwanzo wa usiku ukumbi ukiwa mtupu, mpaka siku mkubwa wake alipomruhusu kusimama mbele. Hakukuwa na shule ya muziki, na bado walimu hawakukosekana.

Siasa ya uhuru ilijua thamani ya mitandao hii. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alitoka katika chama cha ngoma cha Bomba, na wanawake wa vyama vya lelemama walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaza TANU, chama kilichopigania uhuru, wanachama kuanzia mwaka 1955. Tabora ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958, ulioamua chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na mji uliozoea vyama vyenye ada, makatibu na mikutano haukuhitaji kufundishwa maana ya kadi ya uanachama. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora kati ya mwaka 1937 na 1942, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wasomi wa Tanganyika walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kiliundwa, vikundi vya mikoani vikahamasishwa, na Redio Tanzania ikawapa wachezaji wa bara hadhira ambayo hawakuwahi kuipata. Kutoka nchi za Wagogo katika njia hiyo ya misafara walitoka Morisi Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona ambaye milio yake ilitangulia taarifa ya habari, na Hukwe Zawose, fundi wa ilimba na zeze. Kutoka Tabora ilisikika Hiari ya Moyo, ngoma ya Wanyamwezi iliyoongozwa na mzee Mwinamila, ambaye nyimbo zake za kuwasifu viongozi na chama zilimfanya ajulikane nchi nzima.

Hata hivyo, hadhi hiyo mpya iliambatana na badiliko ambalo halijapimwa ipasavyo. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na ngoma za ikulu zikapoteza mlezi. Vyama vya waganga vilitazamwa kwa mashaka na wakuu wa dini na maofisa wa maendeleo. Na vikundi vilivyobaki vilizidi kuitwa kucheza kwa dakika chache mbele ya mgeni wa serikali, kwenye mapokezi ya Mwenge wa Uhuru au mkutano wa hadhara. Mchezaji wa mapokezi hana mpinzani. Umati uliomsimamia zamani kama hakimu sasa umemjia mgeni, na wimbo mpya hauna haja ya kutungwa ikiwa ule wa mwaka jana utapigiwa makofi yaleyale. Kikundi cha Taifa kilivunjwa mwaka 1980 na kazi ya kufundisha ikahamishiwa chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Chuo hicho kimefanya kazi kubwa, lakini kiko mwisho wa njia, umbali wa siku nzima au zaidi kwa gari kutoka kwa wazee wanaozijua ngoma za Unyanyembe.

Tangu mwaka 2006, njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza kwa UNESCO yawe urithi wa dunia, na tembe la Kwihara limehifadhiwa kama makumbusho ya Livingstone, aliyelikalia kwa miezi michache. Kuta hizo zinastahili kuhifadhiwa. Lakini wapagazi walioijenga njia hawakuacha kuta. Waliacha ngoma, na ngoma huhifadhiwa kwa kufundishwa na kushindanishwa. Halmashauri za Tabora, shule zake na maofisa utamaduni wake wanayo nafasi ya kuwaita wazee waliobaki wakiwa walimu wenye malipo, kuwapa wanafunzi wa kudumu, na kila mwaka baada ya mavuno kuzikutanisha ngoma pande mbili katika uwanja mmoja, mbele ya watu wa Tabora wenyewe, bila mgeni rasmi, ili umati uhukumu kwa miguu yake.